Sindano ya kukonda ao jasho? Mabishano yamefika mpaka ku kantini ya mine

Mu bisi yenye inapeleka watu ku poste, mu foleni ya farmasi, mu telefone za bamama, mazungumuzo ni moja siku hizi: kuko sindano, mutu anajichoma mara moja tu kwa juma, njaa inapunguka na kilo zinatoka. Wamoja wanacheka: "Ni buvivu tu! Akule kidogo, atembee, tumbo itaisha yenyewe." Wengine wanajibu: "Mwenye hajabeba kilo 110 asitufundishe." Na kuko mutu wa tatu, kwa kawaida ule mwenye kunyamaza, anangojea wenzake waende, kisha anauliza kwa sauti ya chini: inauzishwa wapi, na ni ngapi?

Ni kwa ajili ya huyu wa tatu tunaandika.

Dawa yenyewe inaitwa semaglitidi. Wengi wanaijua kwa jina la Ozempic. Inatengenezwa na kampuni Novo Nordisk ya Denmark, na Marekani iliikubali mwisho wa mwaka 2017, si kwa kukondesha watu lakini kwa wagonjwa wa sukari ya aina ya pili. Mu 2021 dawa ileile, kwa kipimo kikubwa zaidi, ilikubaliwa kwa kupunguza kilo, kwa jina la Wegovy. Mushindani wake mukubwa ni Mounjaro, ya kampuni Eli Lilly ya Marekani. Zote zinaiga homoni yenye matumbo yetu inatoa kisha kula: inaambia ubongo "imetosha", inachelewesha chakula kutoka mu tumbo, inasaidia mwili kutoa insulini wakati sukari inapanda mu damu. Dawa ya kwanza ya jamaa hii, ya mwaka 2005, ilitokana na utafiti juu ya sumu ya mujusi mukubwa wa jangwa la Amerika. Mungu iko na mambo yake!

Inafanya kazi? Ndiyo, na tusidanganyane juu ya hilo. Mu utafiti mukubwa wenye ulitangazwa mu 2021, watu 1.961 walifwatwa kwa majuma 68. Wote walipewa mashauri juu ya chakula na kutembea. Wenye walichomwa dawa walipoteza, kwa wastani, karibu 15% ya uzito wao. Wenye walichomwa maji tu yasiyokuwa na dawa walipoteza 2,4%. Kwa mutu wa kilo 105, ni kilo 15 upande huu na kilo mbili na nusu upande ule. Mu 2023 utafiti mungine, juu ya watu zaidi ya 17.000 wenye ugonjwa wa moyo na uzito wa kupita kiasi, ulionyesha kama hatari ya shambulio la moyo, kupooza na kifo cha moyo ilipunguka kwa 20%. Hii si dawa ya urembo tu.

Na wenye kusema "ni buvivu" wamuangalie Serena Williams. Mu Agosti 2025 bingwa huyu wa tenisi alisema waziwazi kama alitumia dawa ya aina hii kisha kuzaa, juu mazoezi peke yake haikumurudisha ku uzito wenye alitaka. Nani atamuita Serena muvivu? Tuongeze, kwa haki, kama alisema hayo akiwa musemaji wa kampuni yenye inauzisha dawa hizo, na bwana yake ameweka feza mu kampuni hiyo. Lakini mwili wake ni ushuhuda: kilo si jambo la moyo mugumu tu.

Upande wa jasho nao uko na ushuhuda wake, na ni wa nguvu. Mu 2002 Wamarekani walitangaza matokeo ya utafiti juu ya watu zaidi ya 3.000 wenye sukari ilikuwa inaanza kupanda. Kikundi kimoja kilisaidiwa kubadilisha chakula na kutembea dakika 150 kwa juma. Kingine kilipewa kidonge cha metformini. Kisha karibu miaka mitatu, wenye walitembea na kupunguza chakula walikuwa wamekata hatari ya kupata ugonjwa wa sukari kwa 58%. Wa metformini, 31%. Na walikonda kilo kadiri gani? Tano, sita hivi. Hazionekani hata mu picha, lakini mu damu zilionekana.

Sasa turudi huku kwetu, sababu mabishano ya Ulaya na Marekani hayajui mine.

Mu mine moja kuko miili miwili. Kuko creuseur mwenye anashuka mu kisima, anachimba na anabeba mifuko ku mabega tangu asubui. Huyu hana shida ya kitambi. Shida yake ni kupata chakula chenye kutosha. Na kuko dereva wa benne. Yeye anakaa ku kiti masaa kumi na mbili, juma moja muchana, juma lingine usiku. Mikono inashika usukani, miguu inakanyaga pedale, na ni ile tu. Anakula kama vile baba yake alikula, lakini baba yake alikuwa anapiga piki.

Hapo historia yetu inaingia mu sahani. Tangu wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, mposho wa bunga ulikuwa sehemu ya malipo. Bunga ilitolewa ili mikono ipate nguvu ya kuchimba na watoto wakomae. Bukari kubwa ikakuwa alama ya nyumba yenye inaishi vizuri, na baba mwenye tumbo akakuwa alama ya kazi ya kudumu. Kazi imebadilika: mashini inachimba, mashini inabeba. Kipimo cha bukari hakikubadilika. Juu yake tukaongeza sucré: chupa moja ya santilita 33 iko na karibu gramu 35 za sukari, ni kusema vipande saba. Chupa kubwa ya bia inaleta karibu kalori 300, na nani anakunywa moja? Poste ya usiku nayo iko na zambi yake: mutu asiyelala vizuri anasikia njaa zaidi, na wenye kutumika usiku kwa zamu wanapata sukari na unene kuliko wenye kutumika muchana.

Kwa hiyo kumuambia huyu dereva "fanya sport" ni kumuchekelea kidogo. Atafanya saa ngapi? Anashuka mu bisi saa mbili ya usiku, watoto wamelala, kesho saa kumi na moja asubui bisi inapiga hone.

Na kuko jambo lingine lenye linamusukuma kwa yule muuzaji wa sindano: visite médicale. Kila mwaka, karatasi yenye kuandikwa "apte" ndiyo inamurudisha ku benne. Tension ikipanda sana, sukari ikipanda sana, karatasi inaweza kubadilika, na pamoja nayo ada ya shule, nyumba ya kupanga, na mama mukubwa ku kijiji mwenye anangojea Mobile Money. Mutu huyu hatafuti urembo. Anaficha ugonjwa wake kwa munganga wa kazi, na anautibu kwa mutu wa telefone. Ni hapo tunaona hatari kubwa kuliko mu sindano yenyewe.

Tuangalie basi sindano hii inaomba nini, mbele haijatoa kitu.

Inaomba baridi. Kalamu yenye haijafunguliwa inapaswa kuwekwa mu frigo, kati ya digri 2 na 8, na isigande. Mu makartie yetu yenye courant inakatika wakati inapenda, frigo ya nyumba inakuwa kabati ya joto. Na ile kalamu yenye ilitoka Ulaya mu valizi, ikapita Kasumbalesa ao uwanja wa ndege, ikakaa siku mbili mu kibanda cha zinki, nani atasema bado ni dawa?

Inaomba feza, na si mara moja. Wakati Wegovy iliingia mu farmasi za Ufaransa mu 2024, ilikuwa karibu euro 300 kwa mwezi. Na mwenye anaacha, kilo zinarudi: mu ule utafiti wa 2021, mwaka moja kisha kuacha, watu walikuwa wamerudisha mbili ya tatu ya kilo zenye walipoteza. Mwenye anauza kalamu moja kwa kusema "hii itakumaliza tumbo" anajua ao hajui, lakini anadanganya. Bei inaweza kushuka. Mu India na Chine ulinzi wa hati ya uvumbuzi wa semaglitidi unaishia 2026, na viwanda vya kule vilijitayarisha kutengeneza yenye bei ya chini. Siku hiyo itafika na huku. Frigo na munganga vitabaki vilevile.

Inaomba munganga. Mutu anaanza na kipimo kidogo, miligramu 0,25 kwa juma, mwezi muzima, kisha anapanda polepole. Mwenye anaruka mbele ili visite ikute amekonda, atatapika, ataharisha, atakosa maji mu mwili. Ku ofisi yenye klima, ni siku mbaya. Chini ya jua mu karyeri, na kofia na gilet, maji ikipunguka hivyo mafigo yanaweza kuumia. Kama tayari anakunywa glibenklamide ao anajichoma insulini, sukari yake inaweza kushuka gafula, na yeye iko juu ya mashini ya tani mia moja. Kuko pia mawe ya nyongo na uvimbe wa kongosho. Si kwa wengi, lakini maumivu makali ya tumbo yenye hayaishi ni ya kukimbiza ku hospitali siku ileile.

Inachukua pia misuli. Kilo zenye zinatoka kwa haraka si mafuta tu, kuko na nyama ya mwili ndani yake. Wenye wanaitumia vizuri wanakula maharagi, samaki, mayai, na wanabebabeba vitu vizito ili misuli ibaki. Ni kusema hata mwenye sindano hajaepuka jasho.

Kwa bamama: sindano hii haitumikiwi na mwenye mimba, na semaglitidi inapaswa kuachwa miezi mbili mbele ya kutafuta mimba. Mounjaro inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba.

Na kisha kuko ya uongo. Mu 2023, ku Austria, inchi yenye iko na wakaguzi na farmasi zenye kufungwa vizuri, watu walipelekwa ku hospitali kisha kujichoma Ozempic ya uongo; sukari yao ilishuka sana, na wakubwa wa afya walifikiri ndani mulikuwa insulini. Mu Juni 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni likatoa onyo kwa inchi zote. Kama ilipita kule, huku kwetu yenye kuuzishwa mu sakoshi itashindwa na nini?

Tena sisi tunajua mazoea haya kuliko Wazungu. Ku soko ileile ya vidonge, bamama wetu wananunua deksametazoni na siproeptadine ili wanone, wapate mashavu na matako. Deksametazoni inapandisha sukari na tension. Basi farmasi ya barabara itatuuzia kidonge cha kunenepa leo, na kesho sindano ya kukondesha ugonjwa wenye kidonge kilileta. Biashara ya namna hiyo haikosi mteja.

Kwa maoni yetu, mwenye sukari, mwenye tension na kilo nyingi sana, sindano inaweza kuwa haki yake kama vile insulini ni haki. Mu Septemba 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni liliandika dawa hizi mu orodha ya dawa za lazima, kwa wagonjwa wa sukari aina ya pili wenye pia unene na ugonjwa wa moyo ao wa mafigo. Lakini aipate ku mukono wa munganga. Mwenye tumbo tu, na damu muzuri, aache feza yake ikae.

Nani yuko upande gani? Chukua metre ya fundi wa nguo, zungusha ku kitovu. Mwanaume mwenye kupita santimetre 102, mwanamuke mwenye kupita 88, aende kupimisha sukari na tension, hata kama anasikia ni muzima. Kama sukari inaanza, metformini ni kidonge cha zamani, cha bei ndogo, na kinajulikana. Bukari isiachwe, lakini ipunguzwe nusu, na lengalenga ao sombe yenye mafuta kidogo ijaze pale. Sucré ikae kwa arusi. Na dakika 150 kwa juma si lazima mbio: ni dakika 25, siku sita, hata kuzunguka parking mbele bisi haijaondoka.

Yenye kubaki ni ya kampuni. Code du travail ya 2002 inaweka afya ya mutumikaji na jamaa yake ku mabega ya mwajiri. Wadelegeti wa sindika wenye wanakaa ku meza ya majadiliano kila mwaka wanaomba mushahara, na wako na haki. Waweke pia hii ku karatasi: dawa za sukari na tension zitolewe kila mwezi bila foleni ya siku muzima, dereva mwenye anajitangaza mugonjwa apewe miezi ya kutibiwa ku poste nyingine, na mushahara wake, mbele ya kuandikwa "inapte", mashini ya kupima tension iwekwe pale bisi zinasimama, na ku kantini maji iwe ya kwanza ku meza, sucré ya mwisho.