Kupiga kambi ni mpaka gari la mamilioni?

Kwa kawaida barua zenu huzijibu mbili tatu kwa pamoja. Wiki hii nimechagua moja tu, kwa sababu ndani yake mna kiinua mgongo cha mtu.

Ndugu yetu huyu anaishi Kimara, jijini Dar es Salaam, na anastaafu mwezi Juni. Anasema miaka yote ya utumishi wake amezitazama Serengeti, Mikumi na Udzungwa katika kalenda za ofisini, na sasa anataka kuziona kwa macho yake, pamoja na mkewe na wajukuu wawili. Mpwa wake aliyeko Ujerumani amemtumia picha za gari la kambi. Kwa wale ambao hawajaliona, hilo ni basi dogo lenye kitanda, jiko, jokofu na tangi la maji, na paa lake huinuka kama kifuniko cha sanduku ili watu wengine wawili walale juu. Mama watoto hataki kulala chini, lakini habari ya gari nayo hataki kuisikia. Anataka fedha hiyo imalizie nyumba yao ambayo imeishia kwenye linta. Ndugu yetu ananiuliza: je, mtu anaweza kufaidi safari ya kupiga kambi bila gari la namna hiyo?

Jibu langu ni ndiyo, anaweza. Lakini jibu la neno moja halitamsaidia mtu aliyekwisha kuingiwa na picha ile moyoni, kwa hiyo hebu tuanze na hesabu.

Magari haya yana historia ndefu. Kampuni ya Volkswagen ilianza kutengeneza vibasi vyake mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia, huko huko Ujerumani, ikaanza kuviwekea vitanda na makabati ya kuweza kutolewa. Wazo la wakati ule lilikuwa la mtu wa kipato cha kawaida: siku za kazi gari libebe mizigo, Jumamosi libebe familia. Leo mambo yamegeuka. Gari jipya la aina hiyo huko Ulaya linauzwa zaidi ya Euro 60,000, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni 150.

Tuseme basi kwamba gari limefika bandarini Dar es Salaam, na thamani yake pamoja na nauli na bima ni milioni 150 kamili. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 37 na nusu. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000 ni asilimia 5. Kisha juu ya yote hayo inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Ukijumlisha unapata kama milioni 232, nami sijagusa tozo ndogondogo, bima ya barabarani wala mafuta. Na msidhani kwamba kuukuu litawaokoa kirahisi, maana gari lenye umri mkubwa hutozwa nyongeza ya uchakavu.

Sasa mzee wetu atalala humo usiku mara ngapi? Mfanyakazi wa kawaida ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Yeye ni mstaafu na anaweza kupata zaidi, lakini wajukuu wana shule na mama ana shughuli zake. Tumpe usiku 20 kila mwaka, kwa miaka 10, jumla usiku 200. Gawanya milioni 232 kwa 200, utaona kwamba kila usiku unamgharimu zaidi ya shilingi milioni 1. Hata akiliuza baadaye kwa nusu ya bei, bado ni zaidi ya laki 5 kwa usiku mmoja, naye bado hajalipa kiingilio cha hifadhi.

Kuna watakaosema, rahisi ni ghali. Methali hiyo naiheshimu, na katika viatu na pampu za maji nimeiona ikitimia. Lakini hapa tujiulize gari lile linafanya kazi gani huku kwetu, siyo kule lilikotengenezewa.

Kule Ulaya kambi nyingi zina njia za changarawe, bomba la maji na umeme wa kuchomeka kando ya gari. Hapa, chukua Mikumi wakati wa masika. Tambarare ya Mkata hujaa maji, na udongo wake mweusi ukilowa hushika tairi kama gundi. Gari la kambi likijazwa maji, chakula na watu hukaribia tani 3, na tumbo lake liko chini karibu na ardhi. Litakwama mahali ambapo gari jepesi lenye miguu mirefu linapita. Zaidi ya hayo, hifadhi zetu za taifa hutoza ada ya gari kwa kufuata uzito wake, kwa hiyo lile jokofu na makabati mtayalipia hata langoni.

Jokofu lenyewe tulitazame. Linatumia betri ya pili ya gari. Betri ya kawaida ya amperi-saa 100 haitakiwi kutumiwa chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Katika joto la pwani, jokofu la gari linaweza kuimaliza nusu hiyo kwa siku moja na ushei, hapo injini iwashwe au pawe na paneli ya sola. Kwa safari ya siku mbili, boksi la barafu na samaki waliokaangwa nyumbani linatosha kabisa.

Halafu ziko sehemu ambako gari halina kazi yoyote. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu. Unafika Mang'ula kwa basi linalokwenda Ifakara, unapiga hema kambini, na asubuhi unapanda na askari au mwongozaji kwenda kuyaona maporomoko ya Sanje yenye kimo cha mita 170. Gari la milioni 232 lingebaki pale chini likilindwa. Na Kilimanjaro? Wanaopanda kwa njia ya Machame wote hulala kwenye mahema, matajiri na wasio matajiri, mpaka kambi ya Barafu iliyo juu ya mita 4,600, ambako maji huganda ndani ya chupa. Watu hao wamelipa maelfu ya dola ili walale chini.

Hapa naomba niseme neno moja pembeni. Wako wanaodhani kupiga kambi ni mambo ya Wazungu. La hasha. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakitoka Tabora hadi Bagamoyo na mizigo ya frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, wakipiga kambi kila jioni kwa muda wa miezi. Na mzee wetu, kama umri wake ninaufahamu sawasawa, amepita Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Atakumbuka mwenyewe alilala juu ya nini.

Lakini simwambii mama watoto alale kama kuruta! Malalamiko yake ni ya haki, na yana sababu ya kisayansi. Watu wengi waliokesha kwenye hema wakitetemeka hudhani baridi ilipita kwenye kitambaa. Aghalabu baridi ile imetoka chini. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na blanketi ulilojifunika haliwezi kuizuia, kwa sababu liko upande wa juu. Kinachosaidia ni kitu kati ya mgongo na ardhi: jamvi, kisha godoro la sponji. Godoro la kujaza upepo ni laini lakini lina baridi, kwa kuwa hewa iliyomo hutembea na kulihamisha joto. Dawa bora kwa mtu mzima mwenye mgongo wa kuuma ni kitanda cha kukunja, kile cha vyuma na turubai, na juu yake sponji. Pale kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, utaushukuru ushauri huu saa 9 za usiku.

Kuhusu hema lenyewe, msikimbilie rangi. Tazameni kwanza sakafu: iwe ya turubai lisilopitisha maji, na ipande ukutani kidogo kama beseni. Pili, kitambaa cha juu kishuke karibu na ardhi, wala kisigusane na kile cha ndani. Vikigusana, maji hupenya. Tatu, pembeni pa maandishi ya hema mtaona idadi ya milimita. Ikiandikwa 2,000, maana yake kitambaa hicho huhimili safu ya maji yenye kimo cha mita 2 kabla ya kuvuja, na hiyo inatosha mvua zetu nyingi. Acheni dirisha la neti wazi hata kama kuna baridi, maana pumzi za watu wanne hugeuka matone ya maji ifikapo alfajiri. Jambo hili huwapata hata walalao kwenye gari la mamilioni.

Mahali pa kusimika ni muhimu kuliko bei ya chochote. Chagueni pa juu kidogo. Korongo kavu lenye mchanga laini huonekana kama godoro, lakini mvua ikinyesha milimani, mbali na hapo mlipo, maji huja ghafla. Mwaka 2019, katika bonde jembamba la hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, mafuriko ya namna hiyo yaliwachukua watalii waliokuwa wakitembea mchana na kuwaua.

Kadhalika chakula kisilale hemani. Nyani, fisi na tembo wote wana pua, na tembo akinusa machungwa hasomi kibao cha hifadhi. Kifungieni ndani ya gari au katika jiko la kambi.

Na jambo ambalo nawasihi mlishike kuliko yote: jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema wala ndani ya gari, hata dakika kumi za kupasha miguu, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Aliyelala haamki. Kuna familia zimekwisha namna hii majumbani mwao, na hema ni chumba kidogo zaidi.

Je, basi gari la kambi halina faida? Linayo. Mlango wake unafungwa kwa ufunguo. Mtu mwenye magoti mabovu hapigi magoti kuingia kitandani. Mvua ikikukuta usiku njiani, huhangaiki na vigingi. Na kusikia fisi ukiwa nyuma ya bati ni tofauti na kumsikia ukiwa nyuma ya nguo, hilo silibishi. Mtu anayeishi barabarani miezi sita kwa mwaka, akitoka nchi hii kwenda ile, hesabu yake ni nyingine kabisa.

Lakini kwa mstaafu wa usiku 20, iko njia ya katikati. Noah na Hiace zimejaa mjini. Viti vya nyuma vikilazwa au kutolewa, ubao ukatandazwa na sponji juu yake, watu wazima wawili wanalala, na wajukuu watagombania hema la pembeni. Fundi seremala wa mtaani anaweza kuutengeneza ubao huo kwa vipande vinavyoondoka, ili Jumatatu gari lirudi kazini, kama vile vibasi vya mwaka 1951. Kwa safari ya kaskazini, Arusha wapo wanaokodisha magari marefu yenye hema juu ya paa. Kodi siku tatu, urudishe ufunguo, na habari ya tairi na betri ibaki kwa mwenye gari.

Ndugu yangu wa Kimara, Juni masika yamekwisha, ardhi imekauka na shule zinakaribia kufungwa. Azima hema, ulisimike uani kwako usiku mmoja, mama akijaribu kitanda cha kukunja. Kisha nendeni Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza hifadhini kwa kama kilomita 50, hivyo hata basi litawafikisha mjini Mikumi, na pale mtakodi gari la kuingia nalo ndani. Mkitoka huko, Mang'ula si mbali. Mama akisema kitanda kimemuumiza, niandikie tena, tutafute sponji nene zaidi. Ile linta nayo ipigieni hesabu ya mabati kabla bei haijapanda.