Usugu wa dawa: Kwa nini daktari wa watu na daktari wa mifugo lazima washirikiane

Kuku wakianza kusinzia, kuharisha kijani na kufa mmoja baada ya mwingine, wafugaji wengi hukimbilia vidonge vya rangi mbili. Huvifungua, wakamwaga unga wake kwenye maji ya kuku. Mara nyingi kuku hufa vilevile, kwa sababu mdondo, ambao wengine huuita kideri, huletwa na virusi. Antibaiotiki huua bakteria tu, haiui virusi.

Hasara haiishii hapo. Dawa ile inapoingia tumboni mwa kuku, huua bakteria dhaifu. Wale wanaoihimili hubaki na kuzaana. Hutoka na kinyesi, wakaingia kwenye samadi, maji ya kisima, nyama isiyoiva vizuri na mikono ya anayesafisha banda. Siku mtoto akiambukizwa bakteria hao, dawa ya zahanati inaweza kushindwa kumtibu.

Nani huwa sugu?

Wengi husema, "Mwili wangu umeizoea dawa." Sivyo. Anayekuwa sugu ni kimelea, si mwili. Ndiyo maana hata mtu ambaye hajawahi kumeza antibaiotiki anaweza kuugua ugonjwa sugu: amemeza au kugusa kimelea kilichopata usugu kwa mtu au mnyama mwingine.

Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Serikali inafanya nini?

Tanzania ilikuwa na mpango wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu huu wa 2017 hadi 2022. Sasa upo wa pili, wa 2023 hadi 2028. Mpango unazikutanisha sekta za afya, mifugo, uvuvi, kilimo na mazingira, kwa utaratibu unaoitwa Afya Moja.

Sababu ni rahisi. Tetrasaiklini na penisilini hutibu watu, na hutibu ng'ombe pia. Hospitali ikibana matumizi huku duka la dawa za mifugo likiuza ovyo, ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Vilevile maabara ya hospitali ikigundua dawa fulani inashindwa, wataalamu wa mifugo wanapaswa kujua mapema, na wao wakigundua, hospitali ijue.

Lakini mpango wa taifa hukamilika kijijini. Pale ambapo afisa mifugo yuko mbali na duka liko jirani, uamuzi mara nyingi hubaki kwa mfugaji mwenyewe.

Wewe ufanye nini?

- Chanja kuku dhidi ya mdondo kabla hawajaugua. Chanjo ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3.
- Usimpe mnyama dawa ya binadamu, wala binadamu dawa ya mnyama.
- Mnyama akiugua, mpigie simu afisa mifugo kabla ya kununua dawa. Mweleze dalili, idadi ya wanyama wanaoumwa na siku walizougua.
- Ng'ombe akichomwa sindano, uliza siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au kumchinja. Zimeandikwa kwenye chupa ya dawa. Kuchemsha maziwa huua vimelea, lakini hakuondoi mabaki yote ya dawa.
- Tumia dozi kama ulivyoelekezwa, na usimgawie jirani vidonge vilivyobaki.
- Usidai antibaiotiki kwa mafua. Nayo huletwa na virusi.
- Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo bandani.

Dawa mpya za antibaiotiki hugunduliwa kwa nadra, na bei yake huwa kubwa. Hizi tulizonazo tukizichezea bandani, tutazikosa wodini.