Kanduyi: mwambie landilodi akupunguzie kodi, nawe ukae miaka miwili

Ukishuka matatu pale Kanduyi, ingia mitaa ya nyuma usome mageti. "Bedsita iko wazi, piga simu." Kibao hicho ulikiona hata mwezi jana, sasa rangi inapauka. Kila siku kinaponing'inia, kuna mtu anapoteza pesa, na si wewe.

Piga hesabu. Tuseme keja yako ni 5,000. Ukihama, mwenye nyumba atapaka rangi, atabadilisha kitasa, kisha angoje. Mwezi mmoja bila mtu, 5,000 zimeenda. Akikupunguzia 400 kila mwezi, mwaka mzima anaachilia 4,800. Yaani punguzo la mwaka halifikii hasara ya mwezi mmoja wa nyumba tupu, na hapo hatujagusa rangi. Kule karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, wanafunzi wakifunga ndio usiseme.

Lakini usiende mikono mitupu. Mimi nilienda hivyo mara ya kwanza, mzee akacheka tu. Mara ya pili nikamfungulia simu, jumbe za M-Pesa za miezi 14, hakuna iliyovuka tarehe 5.

"Mzee, nipe miaka miwili kwa 4,600. Sihami."

"Na ukihama mwezi wa tatu, kijana?"

Swali la haki kabisa. Wengi hukwama hapo kwa sababu wamekuja na ombi, hawana dhamana. Jibu nililompa: nikitoka mapema, namrudishia zile 400 za kila mwezi niliokaa, na namjulisha miezi miwili kabla. Naye asipandishe kodi hadi muda uishe. Dipoziti ibaki palepale. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kalamu iko wapi.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkataba wa kupanga usiozidi miaka miwili, usio na kipengele cha kuongeza muda, hauhitaji kusajiliwa. Unaweza hata kuwa wa mdomo. Wewe andika, bana! Karatasi mbili, saini zenu, shahidi mmoja, kila mtu abaki na yake. Maneno ya getini husahaulika bei za mtaa zikipanda.

Na kama kibarua chako ni cha miezi sita, usitie saini ya miaka miwili. Omba mwaka mmoja, hata akikupunguzia 200 pekee.