Juu ya nini kurasa zingine za intaneti zinakataa kufunguka?



Mu namba hii tunataka kueleza jambo lililotusumbua mu sale ya ordinatere. Posho iliyopita wafinalisti walienda kutafuta maelezo juu ya travo yao ya kemia. Wikipedia ikakataa. Gmail ikakataa. Lakini ukurasa mmoja wa zamani ukafunguka bila shida! Wengine wakasema: «Wamefunga intaneti, sawa vile mu 2018.» Wengine: «Hapana, ni mega njo imeisha.» Mwenzetu mmoja mwenye haraka akafinya pale palipoandikwa kuendelea hata kama kuko hatari, akataka kuandika neno lake la siri. Mwalimu akamushika mukono, akauliza swali moja tu: «Leo ni tarehe ngapi?» Tukaangalia chini ya ekrani. Ordinatere ilisema: 1 Januari 2009.

Sasa tueleze. Kila ukurasa unaoanza na https uko na cheti kinachoshuhudia kama ni wenyewe kweli. Cheti hicho kiko na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, sawa paspoti. Fikiri askari wa mupaka pale Kasumbalesa, mwenye kalenda ya 2009. Ukimuonyesha paspoti iliyotolewa 2024, atasema: «Hii haijaanza bado, rudia!» Si mubaya, anafuata kalenda yake. Navigatere (ile programu ya kufungulia intaneti, kama Chrome ao Firefox) inafanya vile vile. Ule ukurasa wa zamani haukuwa na cheti, njo maana ulipita.

Na tarehe ilipotea namna gani? Ndani ya ordinatere muko kabatri kadogo ka mviringo, mara nyingi kanaitwa CR2032. Kanalinda saa wakati umeme unakatika. Kakikufa, kila mara umeme ukikatika, saa inarudia nyuma. Na sisi hapa Lubumbashi tunajua umeme unakatikaka mara ngapi.

Basi, ukurasa ukikataa, fuata njia hii:

1. Angalia tarehe, mwaka na saa. Tuko saa moja mbele ya Kinshasa, usisahau.

2. Soma adresi herufi kwa herufi. Wezi wanatengenezaka kurasa zinazofanana na za kweli, wanabadilisha paka herufi moja.

3. Soma maneno ya ekrani mbele ya kuifunga. Yakisema cheti, ni habari ya tarehe, ya programu ya zamani, ao ya udanganyifu. Yakisema adresi haionekani, tatizo liko kwa kuandika ao kwa rezo.

4. Fungua ukurasa mu dirisha la siri la navigatere. Ukifunguka pale, futa vitu vya zamani vilivyobakia mu kumbukumbu yake.

5. Ongeza programu mpya. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja kikubwa, kilichokuwa kinashuhudia kurasa nyingi sana za dunia, kiliisha muda. Ordinatere na telefone nyingi za zamani zikaanza kukataa kurasa nzuri.

6. Jaribu na telefone. Ikifungua ku wifi ile ile, ugonjwa uko mu ordinatere. Ikikataa ku wifi lakini inafungua na mega zako, ugonjwa uko mu wifi. Ikikataa pote, kwa watu wote, ukurasa wenyewe umeanguka ao umefungwa.

Hatusemi kama kufungwa hakuko. Nyuma ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ya inchi yetu ilikatwa karibu siku 20. Mu Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari kunako mudomo wa muto Kongo, kamba za WACS na SAT-3 zikakatika. Lakini mu siku zile shida ilikuwa ya watu wengi kwa mara moja. Kama jirani yako anafungua na wewe hapana, anza na chombo chako. Ni habari ya kibanzi na boriti.

Jambo la mwisho, na tunaliweka kwa nguvu: usifinye kuendelea mbele hujajua sababu. Safari hii onyo lilitoka kwa kabatri tu. Siku ingine litakuwa la kweli, na neno lako la siri litaenda kwa mwizi, pamoja na feza za mu telefone. Mwenye kukuonya si adui yako.

Tulirudisha tarehe, kurasa zote zikafunguka. Kesho yake tukabadilisha kabatri. Travo ya kemia iliisha kwa wakati.