Kuchagua Kinanda cha Mdomo: Ulinganifu wa Sauti Baina ya Gitaa na Zeze

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili uchaguzi wa kinanda cha mdomo cha matundu kumi kwa kuzingatia sauti yake na mtindo wa upigaji. Mahali panapozingatiwa ni Kitete, mjini Tabora. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Reli nayo ilifika Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo mpigaji wa Kitete ana majirani wawili wa kimuziki. Upande wa mashariki wa njia hiyo kuna zeze na ilimba za Wagogo, na mjini kwake kuna urithi wa magitaa ya bendi kama Kiko Kids na Tabora Jazz. Chombo kinachomfaa jirani mmoja huweza kumwudhi mwingine.

Neno kinanda lenyewe ni pana. Limewahi kutumika kwa vyombo vya nyuzi na vya kubonyeza kwa vidole, na Wajaluo wameliazima kuwa onanda kwa maana ya kodiani. Kodiani na kinanda cha mdomo ni ndugu: vyote hutoa sauti kwa vilimi vya madini vinavyotikiswa na hewa. Hapa neno kinanda litumike kwa kile cha mdomo tu.

2.0 Mpangilio wa sauti

Katika kinanda cha C, kupuliza hutoa C, E na G zikijirudia, na kuvuta pumzi hutoa sauti zilizosalia. Mpangilio huu una mapengo: oktavu ya chini haina F wala A. Mpigaji huyaziba kwa kukunja sauti, yaani kubadili umbo la kinywa ili sauti ishuke. Tundu la pili likivutwa hivyo hutoa F, na la tatu hutoa A.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni sauti za kuvuta kuanzia tundu la pili hadi la sita: G, B, D, F na A. Gerhard Kubik ameeleza kwamba muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti asilia, yaani zile ambazo uzi mmoja huzizaa kwa kugawanyika katika sehemu mbili, tatu, nne na kuendelea. Tukichukua sauti ya nne hadi ya tisa katika mfululizo huo, na kuiita ya nne G, tunapata G, B, D, F, G na A. Ni safu ile ile ya kuvuta, isipokuwa G ya juu, ambayo hupatikana kwa kupuliza tundu la sita.

Hata hivyo, majina ya sauti yanaficha tofauti. Sauti asilia ya saba iko chini ya F ya gitaa kwa takriban senti 31, nusutoni moja ikihesabiwa kuwa senti 100. Ya tano iko chini ya B ya gitaa kwa takriban senti 14. Gitaa hugawanya oktavu katika nusutoni 12 zilizo sawa, na kwa hiyo haliwezi kuzifikia. Vinanda viko vya aina zote mbili. Marine Band ya kampuni ya Hohner, iliyoanza mwaka 1896, kwa miongo mingi ililinganishwa kwa kufuata sauti asilia, pamoja na hiyo ya saba. Vinanda vya Lee Oskar hufuata mgawanyo sawa wa gitaa. Vingine vingi vya siku hizi huchukua njia ya kati.

3.0 Uchaguzi

Mpigaji anayetaka kuufuata mtindo wa ilimba yafaa achague ulinganifu asilia na kutegemea kuvuta. Sauti kadhaa zikilia pamoja hutulia bila kutetema. Anayecheza na gitaa, hasa sauti moja moja, achague mgawanyo sawa. Akikosea, atasikia F yake ikigombana na zeze, na huenda akahitimisha kwamba zeze ndilo lililoharibika. Hukumu hiyo ni ya hatari, kwani bidhaa ya kiwandani huwa kipimo cha chombo cha wazee pasipo mtu kuuliza kipimo hicho kilitoka wapi.

Hoja hii ni ya Ugogo. Kuitandaza juu ya nyimbo za Kinyamwezi bila kuzipima ni kurudia kosa lile lile kwa upande mwingine.

Ama kuhusu ufunguo, katika seti ya kawaida kinanda cha G ndicho cha chini kabisa. Sauti yake ni nzito, na vilimi vyake virefu hukawia kuitika. Cha F ni chepesi na kikali. Anayepiga kwa kuvuta akumbuke kwamba kinanda cha C humweka katika G, basi ufunguo uchaguliwe kwa koo la mwimbaji.

Kiunzi cha kati huwa cha mti, plastiki au madini. Wapigaji hubishana sana juu ya athari yake katika sauti, lakini kuvuja kwa hewa kuna athari kubwa zaidi. Mti usiopakwa dawa hufura kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, na Tabora ina mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Kwa mpigaji wa huko plastiki ina nafuu. Kabla ya kulipa, kila tundu lipulizwe na kuvutwa polepole, na lile linalodai pumzi nyingi kabla ya kuitika likataliwe.