Nani Atamwamulia Bibi?

Katika familia nyingi za Waswahili hapa Uingereza swali hili haliulizwi, kwa kuwa jibu linaonekana wazi: ataamua mtoto mkubwa, akishauriana na wadogo zake. Sheria ya England na Wales haioni hivyo. Undugu peke yake haumpi mtu mamlaka ya kumwamulia mtu mzima matibabu wala mahali pa kuishi, awe mke, mume au kifungua mimba. Ndugu huulizwa maoni, lakini kuulizwa si kuamua.

Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika 2007, humhesabu kila mtu mzima kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitike vingine. Bibi akikataa kupasuliwa, hata kama sote tunaona amekosea, kukosea huko si ushahidi kwamba akili imemtoka.

Uwezo hupimwa kwa kila uamuzi peke yake. Je, anaelewa anachoelezwa? Anakishika kwa muda wa kutosha? Anaweza kukipima na kutoa jibu kwa njia yoyote? Hapo ndipo lugha inapoingia. Sheria inataka asaidiwe kwa kila njia inayowezekana kabla ya kusemwa kwamba hawezi, na wazee wenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Akihojiwa kwa Kiingereza akanyamaza, kilichopimwa ni Kiingereza chake. Familia idai mkalimani, tena asiwe mjukuu, maana mjukuu hulainisha maneno.

Nafuu ni hati ya uwakili, ambayo bibi huiweka saini angali na akili zake. Ziko mbili, ya mali na fedha, na ya afya na matunzo. Hii ya pili haifanyi kazi mpaka ashindwe kuamua mwenyewe. (Wengine husema "mlezi", neno linalomfanya bibi mtoto. Mimi napenda "wakili", kama yule anayeozesha kwa niaba ya baba.) Mtu asiye wa familia lazima athibitishe kwamba bibi ameelewa na hakulazimishwa, kisha hati isajiliwe.

Wakati ukishapita, hubaki Mahakama ya Ulinzi, ambako mambo huchukua miezi na gharama ni kubwa, na kwa mambo ya afya mahakama huwa nzito kumkabidhi ndugu mamlaka ya jumla.

Fomu za hati ni bure. Usajili ndio unaolipiwa, na wenye kipato kidogo hupunguziwa. Lakini hazikuandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo bibi asomewe kila kipengele kwa lugha yake kabla hajashika kalamu.