Mchuuzi wa Tehran katika nyumba za Kagera

Filamu ilikuwa haijatimiza dakika tano pale mama mwenye nyumba, mtaani Hamugembe mjini Bukoba, alipoinuka na kwenda kusimama mlangoni. Katika runinga, wakaazi wa ghorofa moja la Tehran walikuwa wakishuka ngazi mbio usiku, vioo vya madirisha vikipata nyufa, kwa sababu mashine ilikuwa ikichimba kiwanja cha jirani. "Zimeni kwanza," alituambia. Hatukuhitaji kumuuliza sababu. Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki dunia, mamia wakajeruhiwa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu wa majengo. Idd el-Adh-ha ya mwaka ule ilizikuta familia nyingi zikiogopa kulala ndani. Mama yule alikaa mlangoni kitambo, kisha akarejea kwenye mkeka. "Haya, iendelee. Nataka kujua walihamia wapi."

Filamu hiyo ni Forushande, yaani Mchuuzi, ya mwongozaji Asghar Farhadi wa Iran. Ilioneshwa Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2016, ikatwaa tuzo ya mswada bora, na Shahab Hosseini akawa mwigizaji bora wa kiume. Februari 2017 ilipata Oscar, lakini Farhadi hakwenda Marekani kuipokea, kwa kupinga amri ya Rais Trump iliyowazuia raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi. Siku hiyohiyo jijini London, Meya Sadiq Khan aliwaalika wananchi kuitazama bure katika uwanja wa Trafalgar, na maelfu wakahudhuria kwenye baridi. Sisi tuliibeba hadi Bukoba na Muleba kwa nia ndogo zaidi. Familia zetu zimezoea tamthilia za Kituruki na filamu za Bongo. Tulitaka kujua zitasema nini juu ya kisa kisicho na wimbo, wala upanga, wala mapenzi ya kuonesha.

Kisa chenyewe ni cha Rana na mumewe Emad. Mume ni mwalimu, na jioni wote wawili huwa katika mazoezi ya tamthilia ya Mmarekani Arthur Miller ya mwaka 1949, ihusuyo mchuuzi mzee aliyeshindwa na maisha. Baada ya ghorofa lao kupasuka, wanahamia nyumba aliyokuwa akiishi mwanamke mwenye sifa mbaya. Usiku mmoja Rana anasikia kengele, anadhani ni mumewe, anafungua mlango na kwenda kuoga. Aliyeingia hakuwa mumewe.

Huko Kamachumu, wilayani Muleba, hatukuwa na tafsiri ya Kiswahili. Kijana wa nyumba, mwanafunzi wa kidato cha sita, alisoma maandishi ya Kiingereza na kutueleza kwa sauti, kama wafanyavyo watafsiri wa vibanda vya video waliofuata nyayo za Lufufu. Alijitahidi kulinda heshima ya baraza. Majirani wa Tehran walipoeleza habari za mpangaji wa zamani, yeye alisema tu kwamba "alikuwa na biashara." Bibi yake, ambaye tulidhani amesinzia, akauliza: "Biashara gani hiyo, wateja wake wanaume peke yao?" Kicheko kilichukua muda kutulia.

Akina mama walishangaa kumwona Rana amejifunika mtandio hata akiwa ndani na mumewe. Mzee mmoja aliyewahi kwenda Hijja alilifumbua jambo hilo kwa maneno machache: katika kisa ni mumewe, lakini mbele ya kamera si maharimu yake. Sheria za filamu za Iran zinalizingatia hilo, na ndiyo maana tukio lenyewe la kushambuliwa halioneshwi. Tunaona mlango ulioachwa wazi, kisha damu kwenye ngazi. Kwa maoni yetu, woga uliotanda sebuleni kwa mlango ule tu ulizidi ule unaoletwa na filamu nyingi zinazoonesha kila kitu.

Ubishi mkali wa Bukoba ulizuka juu ya sahani ya tambi. Rana anapika kwa fedha alizozikuta ndani, akidhani ni za mumewe, kumbe ziliachwa na yule mvamizi. Emad anapogundua anazuia watu wasiendelee kula na kukimwaga chakula chote, ingawa mtoto mdogo aliyealikwa yupo mezani. "Kafanya sawa," walisema wanaume wengi, "ile ni haramu iliyo wazi." Mama mwenye nyumba hakuafiki namna yake. Alisema Rana hakujua, na asiyejua haadhibiwi mbele ya mgeni.

Ukumbi wa michezo uliwagusa kuliko tulivyotarajia. Rana anarudi jukwaani mapema mno, anaona macho ya mtazamaji mmoja, sauti inamkatika na anatoka. Mama mmoja wa Muleba alisema kwa upole: "Hata sisi hurudi jikoni siku ya pili, tukajifanya wazima."

Rana hataki kwenda polisi, maana ataulizwa kwa nini alifungua mlango. Emad anamsaka mvamizi mwenyewe na kumpata: mzee mgonjwa wa moyo, mwenye mke na binti anayekaribia kuolewa. Anamfungia katika ghorofa lile lililopasuka, akitaka kumfedhehesha mbele ya familia yake. Rana anamwambia kwamba akifanya hivyo, ndoa yao imekwisha.

Hapo baraza la Kamachumu liligawanyika. Alhaji aliitetea sitara, akikumbusha thawabu za kusitiri aibu ya mtu. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Sitara ni ya nani, waitu?" akauliza. "Ya mzee, au ya yule aliyevunjwa kichwa? Hapa kwetu mabinti wananyamazishwa, na aliyewadhuru anakalishwa mbele kwenye harusi." Alhaji alikiri kwamba haki ya aliyedhulumiwa haifutwi na sitara, na kwamba Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa mambo ya namna hiyo, lakini kuamua kunyamaza au kusema, alisema, kuna mwenyewe.

Binti wa nyumba, wa miaka kama kumi na sita, aligawa buni za kutafuna, kisha akamgeukia baba yake. "Tata, ingekuwa mimi, ungeniuliza kwanza ninachotaka?"

Baba hakujibu papo hapo. Tulipoaga alitusindikiza hadi barabarani, akatuomba tumwachie ile flashi mpaka Ijumaa. Alitaka kuitazama tena, yeye na mkewe na binti yao.